Kujaza Upya Risasi za Bastola: Mahali pa Kubana na Mahali pa Kutoa

Katika viwanja vya kulenga shabaha nchini Marekani, milio ikishanyamaza utawaona wapigaji wakiinama kuokota maganda. Wanaokota fedha. Risasi mpya ina sehemu nne: ganda la shaba, fataki inayowasha, baruti, na kichwa kinachokwenda kwenye shabaha. Ganda ndilo ghali kuliko yote, na ndilo pekee linalobaki zima. Anayelijaza upya hununua vitu vitatu badala ya vinne.

Anayeanza kwa fedha kidogo hushauriwa ashike aina moja tu ya risasi. Mfano mzuri ni .38 Special, risasi ya rivolva iliyobuniwa na Smith & Wesson mwishoni mwa karne ya 19. Presha yake ni ya chini, kwa hiyo ganda hujazwa mara nyingi kabla ya kupasuka mdomoni. Isitoshe, rivolva haitupi maganda nyasini.

Si kila ganda linafaa. Chungulia ndani: likiwa na tundu moja katikati ya kitako, fataki yake ni ya mtindo wa Boxer na husukumwa nje kwa sindano. Yakiwa mawili madogo, ni la mtindo wa Berdan, nalo huvunja sindano. Mitindo yote miwili ilizaliwa miaka ya 1860. Boxer alikuwa ofisa wa jeshi la Uingereza na Berdan alikuwa Mmarekani, lakini Wamarekani ndio walioukumbatia mtindo wa Mwingereza.

Mwaka 1958 Richard Lee wa Wisconsin alianza kuuza seti ndogo ya mkononi inayofanya kazi kwa nyundo, na vifaa vya aina hiyo bado vinauzwa. Wengi, hata hivyo, huanza na presi ya mkono inayofanya hatua moja kwa wakati mmoja. Zipo mashine zinazotoa mamia ya risasi kwa saa, lakini bei yake ni kubwa na hatua kadhaa hufanyika kwa mpigo, jambo linalomchanganya mgeni.

Basi, mtu abane kwenye kasi, asibane kwenye mizani wala kwenye kitabu cha vipimo cha watengenezaji wa baruti. Baruti hupimwa kwa greni, na ratili moja ina greni 7,000. Kipimo cha bastola ni kidogo kiasi kwamba ganda moja laweza kumeza vipimo viwili bila kufurika, na bastola ikapasuka mkononi. Likikosa baruti, fataki peke yake husukuma kichwa kikakwama ndani ya mtutu. Risasi inayofuata huuharibu. Ndiyo maana wazoefu hupanga maganda kwenye trei na kumulika kila moja kwa taa kabla ya kuweka vichwa. Kazini hawali wala hawavuti sigara, na wakimaliza hunawa, maana vumbi la madini ya risasi ni sumu.

Sheria ya shirikisho ya Marekani haidai leseni kwa anayejaza risasi za matumizi yake, lakini anayeuza huihitaji. Kenya na Tanzania mambo ni tofauti: kutengeneza risasi bila leseni ni kosa. Mpenzi wa shabaha wa huku anunue kwa muuzaji aliyeidhinishwa.