Kazi ya Karani wa Posta

Wengi wetu tumekwisha kusimama mbele ya dirisha la posta, tukanung'unika kwa kuwa karani anakawia. Twamwona akigonga mhuri, twadhani kazi yake ni nyepesi. Leo twapenda kuieleza, maana sisi walimu nasi tunayo sehemu yetu ndani yake.

Mfuko wa barua ufikapo, karani haufungui ovyo. Kwanza hutazama kama kifungo chake hakikuguswa njiani. Kisha huhesabu barua za rejista na kuzilinganisha na hati iliyofuatana nazo. Ikipungua moja, huandika habari zake papo hapo. Barua za kawaida huzigawa katika masanduku, kila moja kwa nambari yake. Ya rejista haitoi mpaka mwenyewe atie sahihi. Na barua zinazotoka huzigonga mhuri wa tarehe juu ya stempu, ili stempu ile isitumiwe mara ya pili. Tena hana ruhusa kufungua barua ya mtu, wala kutangaza nani ameandikiwa na nani.

Uaminifu huo umeshikana dunia nzima. Mwaka 1874 mataifa 22 yalipatana mjini Bern, katika nchi ya Uswisi, kwamba stempu ya nchi barua itokako itoshe mpaka mwisho wa safari. Tangu mwaka 1935 stempu zetu zilikuwa na majina matatu, Kenya, Uganda na Tanganyika. Na tangu mwaka 1994 kazi hii imo mikononi mwa Shirika la Posta Tanzania.

Lakini barua haikomi sandukuni. Katika nchi yetu barua nyingi hazipelekwi mlangoni mwa mtu. Sanduku moja la kanisa au la shule huwafaa watu wa vijiji vingi. Atokaye pwani ya Ziwa Nyasa, kama Liuli au Lituhi, hawezi kupanda kila siku milima ya Umatengo kwenda Mbinga kuuliza barua. Basi aliye na ufunguo wa sanduku ndiye karani wa mwisho.

Hapo ndipo tulipokosa sisi wenyewe. Mwaka mmoja tulitoa barua sandukuni, tukaitia ndani ya kitabu, tukaisahau majuma matatu. Ilikuwa ya kumwita binti mmoja wa kando ya ziwa aende shuleni. Tulipoipeleka, siku ilikuwa imepita, na nafasi yake amepewa mwingine. Mama yake akatuuliza, "Mwalimu, posta ndiyo iliyoichelewesha?" Tukajibu, "Hapana, mama, ni sisi." Hakutulaumu hata kwa neno moja; na hilo lilituuma zaidi. Binti akakaa nyumbani mwaka mzima.

Tangu siku ile tuna daftari. Kila barua tunaiandika: tarehe, jina la mwenyewe, na sahihi yake aipokeapo. Nanyi mwandikapo, wekeni jina na sanduku lenu nyuma ya bahasha, ili asipoonekana mwenyewe irudi kwenu.

Siku hizi salamu nyingi hupita katika simu. Lakini vyeti na vifurushi vingali vikipita posta, na karatasi moja yaweza kubeba mwaka wa mtoto. Basi enyi wenye funguo, msilale na barua ya mtu.