Siku ya Mwisho Ugenini: Moyo Umeondoka, Haki Zimebaki

Kwa mkaazi wa Tunduma, kuvuka mpaka si jambo la ajabu. Nakonde, upande wa Zambia, ni mwendo wa miguu, na tangu kituo cha pamoja cha mpakani kilipofunguliwa rasmi Oktoba 5, 2019, taratibu za nchi mbili zimerahisishwa. Lakini Lusaka si Nakonde. Ni safari ya kilomita zipatazo 1,000, kupitia Isoka, Mpika, Serenje na Kapiri Mposhi. Anayekwenda huko peke yake hutambua maana ya ugeni.

Nilikwenda kufuata malipo ya mchele wa Kamsamba niliompelekea mama mmoja mwenye duka huko Kamwala. Nilinuia kukaa siku kumi, na siku kumi zikatimia. Ndugu msomaji, nakusimulia habari za siku ya mwisho peke yake, kwa kuwa katika siku hiyo nilikaribia kukosea mara mbili.

Kosa la kwanza lilihusu swala. Niliingia msikitini jamaa ya Adhuhuri ikiwa imekwisha. Moyo wangu ulikuwa umeshafika nyumbani, hivyo nikamwambia mzee aliyekaa karibu nami kwamba nitapunguza na kukusanya, maana mimi ni msafiri. Mzee huyo, Msomali aliyewahi kuishi Nairobi, akaniuliza kwa Kiswahili safi:

“Unaondoka lini, mwanangu?”

“Kesho alfajiri, inshaallah.”

“Basi leo ungali mkaazi.”

Akanikumbusha tuliyosomeshwa madrasa. Kwa madhehebu ya Imamu Shafii, aliyenuia kukaa mahali siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, hukamilisha swala zake. Ruhusa ya kupunguza hurejea atakapoyaacha majengo ya mji, wala si pale anapofunga begi lake. Nikaswali rakaa nne.

Kosa la pili lilinisubiri chumbani. Nilipolinganisha fedha na stakabadhi, nikaona kwacha zimezidi. Nilipeleka magunia 40. Mawili yalikuwa yamelowa njiani, tukakubaliana yasihesabiwe. Siku iliyotangulia mama yule alikuwa amenilipa yote 40.

Sitaficha aibu yangu. Nafsi ilianza kunipangia hoja. Kosa ni lake, si langu. Jioni inaingia na duka litafungwa. Nitamrejeshea msimu ujao. Tena, fedha hizo zingetosha sare na viatu vya binti yangu. Mtume (S.A.W.) ametutahadharisha na safari ya upweke, na saa ile nilifahamu sehemu ya hekima yake: aliye peke yake hana mwenzake wa kumkumbusha, na nafsi humgeukia ikawa ndiyo mshauri wake.

Kilichoniinua kitandani ni kisa anachokijua kila mtoto wa madrasa. Siku ya mwisho ya Mtume (S.A.W.) Makka, kabla ya Hijra, Makuraishi walikuwa wakipanga kumuua. Hata hivyo mali zao, walizomwekea kwa uaminifu wake, hazikuondoka naye. Alimwacha Ali (R.A.) nyuma ili azirudishe kwa wenyewe. Ikiwa amana ya adui ilirudishwa katika usiku wa hatari kama ule, mimi nilikuwa na udhuru gani kwa mama aliyenitendea wema?

Nilimkuta akifunga duka. Alizihesabu zile fedha kimya, kisha akaketi juu ya gunia. Alikulia Nakonde, Kiswahili anakijua.

“Mwanangu,” akasema, “tangu jana namshuku kijana wangu wa dukani. Nilikwishamwambia kesho asije.”

Kijana mwenyewe alikuwa mlangoni, ameshika ufagio, macho chini. Mama akamwita, akamwomba radhi mbele yangu. Nikatetemeka. Nilidhani napima haki ya watu wawili, kumbe alikuwapo wa tatu, ambaye angepoteza riziki na heshima yake, nami niko basini nikimshukuru Mola kwa safari njema.

Usiku nilimpigia mke wangu simu. Lusaka ilikuwa saa mbili, Tunduma saa tatu. Nilimweleza saa ninayotarajia kufika, kwani Mtume (S.A.W.) hakupenda msafiri aivamie familia yake usiku bila taarifa. Nikamweleza pia kwamba zawadi ni kitenge kimoja tu, na sababu yake. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, “Alhamdulillah, njoo salama.”

Ndugu yangu unayesafiri, siku ya mwisho usiimalize yote sokoni. Hesabu upya ulichopokea. Lipa deni, rudisha ulichoazimwa, omba radhi kwa uliyemkwaza, umuage aliyekupokea. Ukifika kwenu, fuata sunna: anzia msikitini kwa rakaa mbili, kisha uende kwa watu wako. Haki ya mtu iliyoachwa ugenini ni nzito kuifuata, na huenda mwenyewe usimkute tena.

Alfajiri basi liliondoka. Adhuhuri ilitukuta mbali na Lusaka, tukashuka. Hapo nikaswali rakaa mbili, nikiwa msafiri kwa haki.

Wallahu a’alam.