Waridi wa Jangwani: Mti Mdogo wa Kupanda Koponi

Mti huu wenye shina lililovimba chini na maua mekundu wengi wetu tunaujua. Huota wenyewe porini katika sehemu kavu za nchi yetu. Wako wanaoung'oa huko ili wauze. Tukiendelea hivyo utakwisha, na biashara nayo itakwisha. Afadhali tuuoteshe kwa mbegu.

Tafuteni makopo, mtoboe matundu chini. Changanyeni mchanga wa mto na udongo, nusu kwa nusu. Lazeni mbegu, mzifunike kidogo tu. Baada ya wiki moja hivi zitachipua. Miche ikishika, iwekeni juani.

Kinachouua mti huu mara nyingi si kiu, ni maji mengi, mizizi huoza. Mwagilieni pale tu udongo unapokauka. Ukirefuka, punguzeni matawi ili ubaki mfupi.

Lakini jihadharini! Utomvu wake ni sumu. Wawindaji wa zamani waliutumia kutengeneza sumu ya mishale. Vaeni glavu mnapokata, nawene mikono kwa sabuni, na makopo yakae mbali na watoto na mbuzi. Mnapouza, mwambieni mnunuzi vivyo hivyo.