Heuchera: Kwa nini ua linalokusanywa Ulaya na Marekani haliwezi kustawi Gatete?

Katika bustani za Uingereza, Ufaransa na Marekani kuna mmea mfupi, usiofika magotini, ambao wapenzi wake hawaridhiki kuwa nao mmoja. Huanza na wenye majani ya zambarau iliyokolea. Mwaka unaofuata huongeza wenye majani ya rangi ya asali, kisha wenye weupe wa fedha, kisha mwekundu wa kutu, mpaka upande mzima wa bustani umejaa vichaka vya jamii moja visivyofanana rangi. Mmea huo ni heuchera. Waingereza na Wamarekani huuita kengele za marijani, kwa sababu ya vijiua vyake vidogo vinavyoning'inia kwenye vikonyo vyembamba.

Picha za majani hayo humfikia yeyote mwenye simu, na mtunza bustani wa Gatete, katika eneo la Rumonge kusini magharibi mwa Burundi, ana haki ya kuyatamani kama mwenzake wa London. Ana mvua kuanzia takriban Oktoba hadi Mei. Ana kivuli cha michikichi, zao linaloupa mwambao huu jina lake katika biashara ya mawese. Ana pia maji ya Ziwa Tanganyika, yasiyo mbali. Anachokosa ni kitu kimoja kisichouzwa katika duka lolote la mbegu, nacho ni usiku wa baridi.

Upungufu huo mmoja unaeleza mengi kuhusu mimea inayosafirishwa kutoka bara moja hadi jingine: ipi hufa njiani, ipi hukubali, na ipi hukubali kupita kiasi hadi kuwa balaa.

Mmea wa miamba na misitu ya baridi

Asili ya heuchera ni Amerika Kaskazini pekee. Spishi zake huota katika mipasuko ya miamba na chini ya miti, kuanzia Kanada hadi Mexico, na nyingi huishi mahali ambapo theluji huanguka au usiku hupoa sana hata wakati wa kiangazi. Jina la kisayansi lilitolewa na Carl Linnaeus wa Sweden mwaka 1753, kwa heshima ya Johann Heinrich von Heucher, tabibu na mwanabotania wa Kijerumani aliyefundisha katika mji wa Wittenberg.

Kwa muda mrefu mmea huu ulipandwa kwa ajili ya maua yake, hasa spishi ya maua mekundu inayotoka Arizona, New Mexico na kaskazini mwa Mexico. Majani yake yalikuwa ya kijani tu na hayakumshughulisha mtu. Mambo yalibadilika ilipotokea aina yenye majani ya zambarau katika bustani za Kew, London, ikapewa jina la Palace Purple. Mwaka 1991 chama cha wakuzaji wa mimea ya kudumu cha Marekani kiliichagua kuwa mmea wa mwaka, na tangu hapo heuchera ikawa mmea wa majani.

Baada ya hapo wazalishaji, hasa wa jimbo la Oregon nchini Marekani na wengine Ufaransa, walianza kuchanganya spishi mbalimbali. Moja ilitoa rangi, nyingine ilitoa mishipa inayong'aa, na nyingine, Heuchera villosa ya kusini mashariki mwa Marekani, ilitoa uvumilivu kidogo wa joto na unyevu. Aina mpya iliyopendeza ilizidishwa maabara kutoka vipande vidogo vya tishu, ikatoa maelfu ya miche inayofanana kabisa na mama yao. Bila njia hiyo homa ya ukusanyaji isingeenea, kwa kuwa aina nzuri ingebaki katika bustani ya aliyeigundua kwa miaka mingi.

Rangi zenyewe zina maelezo rahisi. Zambarau na wekundu hutokana na rangi asilia iitwayo anthosiani, ile ile inayopaka ngozi ya biringanya. Weupe wa fedha si rangi hata kidogo: ni hewa iliyonaswa chini ya ngozi ya jani, inayorudisha mwanga kabla haujafika kwenye kijani. Wapenzi wengi wa heuchera hawalijui hilo, na pengine hawahitaji kulijua ili kufurahi.

Joto la usiku ndilo adui

Mchana jani hutengeneza sukari kwa mwanga wa jua. Usiku mmea hauli, bali hutumia akiba. Kadiri usiku unavyokuwa wa joto, ndivyo akiba inavyotumika haraka zaidi. Mmea wa nchi za baridi ukiwekwa mahali penye usiku wa joto huwa kama mtu anayepata mshahara wa kijijini na kulipa kodi ya nyumba ya mjini. Hafi siku ya kwanza, lakini kila mwezi unamkuta na upungufu.

Uso wa Ziwa Tanganyika uko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari, na uwanda wa Imbo unaoambaa na ziwa hilo ndiyo sehemu yenye joto zaidi Burundi. Mchana joto hukaribia nyuzi 30, na usiku mwingi halishuki sana chini ya 18. Heuchera ikipandwa hapo huanza kwa kupoteza rangi, kwa sababu joto hupunguza anthosiani, na zambarau iliyovutia kwenye picha hugeuka kijani chenye udongo. Majani mapya hutoka madogo zaidi. Kisha mvua za masika huikuta imechoka, na shina lake fupi, linalokaa usawa wa ardhi, huoza. Hata maua yenyewe huwa adimu, kwani spishi nyingi huhitaji majuma kadhaa ya baridi kabla ya kutoa vikonyo.

Ajabu ni kwamba jibu linaweza kuwa tofauti ndani ya nchi hiyo hiyo. Kutoka Rumonge barabara hupanda milima hadi Bururi, na mbele zaidi kuna nyanda za Mugamba, zinazopita mita 2,000, ambako watu hulala na mablanketi mazito. Huko mtu angeweza kujaribu bila kuonekana mpumbavu. Katika mwendo wa saa chache za gari, bustani mbili za Burundi hutofautiana kuliko bustani ya Rumonge inavyotofautiana na ya Tanga.

Kufa kwa heuchera huko Gatete, hata hivyo, ni hasara ya mfuko wa mtu mmoja. Hasara kubwa zaidi huletwa na mimea mizuri isiyokufa.

Mapambo yaliyogeuka kero

Wavuvi wa Afrika Mashariki na Kati wanalijua gugumaji. Asili yake ni bonde la Amazon, na lilitolewa huko kwa sababu ya ua lake la zambarau nyepesi, zuri kweli kweli, ambalo watu walitaka kulitazama katika vidimbwi vya bustani zao. Likatoroka. Mwishoni mwa miaka ya 1980 lilikuwa limefika Ziwa Victoria, na katika miaka ya 1990 lilifunika ghuba na bandari kiasi cha kuzuia mashua kutoka. Katika mwambao wa Burundi wa Ziwa Tanganyika nako limeonekana, na mto Rusizi ni mojawapo ya njia zake.

Lantana ni mfano wa nchi kavu. Ilitoka Amerika ya kitropiki ikiwa ua la uani na la uzio, lenye manjano, waridi na machungwa katika kichala kimoja. Ndege walipenda tunda lake, wakazitawanya mbegu. Leo ni kichaka kinachovamia malisho na kingo za misitu kuanzia Uganda hadi pwani ya Tanzania, na majani yake ni sumu kwa ng'ombe na mbuzi.

Hakuna aliyeileta mimea hiyo kwa nia mbaya. Walioileta walikuwa watu wa aina ile ile ya mkusanyaji wa heuchera, waliovutiwa na rangi bila kuuliza swali la pili. Ndiyo maana nchi nyingi hudai cheti cha afya ya mimea kabla ya mche kuvuka mpaka. Mche uliofichwa kwenye begi unaweza kubeba pia kuvu au mayai ya wadudu ndani ya udongo wa mizizi yake. Heuchera yenyewe ina kutu yake, ugonjwa wa kuvu unaotoa madoa ya rangi ya machungwa chini ya jani.

Afrika Mashariki nayo iliwapa wakusanyaji

Mkusanyaji wa Gatete anaweza kudhani kwamba mimea ya kukusanywa daima hutoka mbali. Historia inasema vinginevyo, kwani mimea miwili kati ya inayopandwa zaidi vyunguni duniani ilitoka ukanda huu.

Wa kwanza ni wa jamii ya Impatiens. Mbegu zake zilipelekwa Kew na John Kirk, mwakilishi wa Uingereza aliyekuwa Zanzibar, na mwaka 1882 mmea huo ulitangazwa kwa jina la Impatiens sultani, kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar. Leo wanasayansi huuita Impatiens walleriana, na hutoa maua meupe, mekundu na ya waridi mahali penye kivuli.

Wa pili una kisa kirefu zaidi. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Kijerumani katika eneo la Tanga na Usambara, alimpelekea baba yake nchini Ujerumani mmea mdogo wenye majani ya manyoya na maua ya samawati. Ukamfikia Hermann Wendland, mkuu wa bustani za Herrenhausen mjini Hanover, naye akauelezea kitaalamu mwaka 1893 kwa jina la Saintpaulia. Wajerumani huuita violeti ya Usambara, na ulimwengu wa Kiingereza huuita violeti ya Kiafrika. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni moja ya Los Angeles ilichagua aina kumi bora kutoka mbegu za Ulaya, na mwaka 1946 wapenzi wake waliunda chama chao nchini Marekani. Tangu hapo aina zilizopewa majina ni maelfu. Ukimtafuta ndugu wa heuchera kwa tabia, yaani mmea mdogo unaomfanya mtu aliyenunua mmoja atake ishirini, huyu ndiye.

Lakini wakati violeti inajaa madirisha ya Chicago na Moscow, jamaa zake wa mwituni wanapungua. Huota katika miamba yenye unyevu chini ya miti ya Usambara, Uluguru na milima mingine ya Tanzania, na mmoja hupatikana tu katika milima ya Taita nchini Kenya. Mti ukikatwa, jua hulipiga jiwe, na jiwe likikauka mmea hufa. Baadhi ya aina hizo zinahesabiwa kuwa hatarini kabisa. Chungu cha dirishani hakiwezi kuziokoa, kwa sababu mimea ya madukani ilitokana na mbegu chache za mwanzo na imechanganywa mno. Utofauti wa asili umebaki msituni.

Kinachowezekana Gatete

Kwa anayetaka rangi za majani, mbadala wa karibu zaidi ni koliasi. Asili yake ni Asia ya kusini mashariki, ilifika Ulaya katika karne ya 19 na kuzua homa ya ukusanyaji iliyofanana sana na ya heuchera. Hupenda joto. Kijiti cha urefu wa kidole huota mizizi ndani ya glasi ya maji kwa muda wa wiki mbili hivi, na hiyo ina maana kwamba aina hupita kutoka ua hadi ua bila fedha. Jua kali la saa sita hupausha majani yake, kwa hiyo chini ya mchikichi ndipo pake. Vikonyo vya maua vikichomoza vikatwe mapema: jani hubaki kubwa, na mbegu hazipati nafasi ya kutoroka.

Violeti ya Usambara inahitaji subira zaidi, lakini haishindikani, kwani baadhi ya aina za mwituni hupatikana karibu na Tanga, katika nchi ya chini ambako joto si pungufu kuliko la Rumonge. Ikae barazani, penye mwanga bila jua la moja kwa moja. Udongo uwe mwepesi: mbolea ya mashada matupu ya chikichi yaliyooza vizuri, iliyochanganywa na mchanga uliooshwa, hufaa. Maji yawekwe kwenye kisahani ili yapande kutoka chini, maana maji baridi yakidondokea majani huacha madoa yasiyotoka.

Kuizidisha hakuhitaji maabara. Jani zima hukatwa pamoja na kikonyo chake cha sentimita tatu hivi, likachomekwa kwa kulaza kidogo katika kopo lililotobolewa chini. Kwa wiki sita hadi kumi hakuna kinachoonekana, na wengi hulitupa kopo wakidhani limeshindwa. Kisha vijani vyenye ukubwa wa punje ya dengu hutokeza pembeni mwa kikonyo, vitatu au vinne kwa pamoja, na kila kimoja ni mche wa jirani.