Pwani hadi Tabora: Aliyekawia, Aliyewahi na Waliobeba

Ndege ya pangaboi ikiruka Dar es Salaam, saa mbili hazijatimia imeshatua Tabora. Kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 740. Mji huohuo, enzi ukiitwa Kazeh, wapelelezi Waingereza Richard Burton na John Speke waliuingia tarehe 7 Novemba 1857, siku ya 134 tangu waiache pwani. Kati ya safari mashuhuri za wageni wa karne ile, hiyo naihesabu kuwa ya kukawia kuliko zote.

Mwandishi wa habari Stanley aliondoka Bagamoyo tarehe 21 Machi 1871, akafika Unyanyembe, eneo la Tabora hiyohiyo, tarehe 23 Juni. Kurudi ndiko kunakonishangaza: alitoka tarehe 14 Machi 1872, akaingia Bagamoyo tarehe 6 Mei, siku 53 tu, tena masika yamefurika njiani.

Lakini hao wote hawakubeba kitu. Aliyebeba ni pagazi, wengi wao Wanyamwezi: frasila mbili begani, kilo kama 32 za jora, ushanga au waya, mbali na mkeka wake na chungu chake. Aliyechukua pembe ya ndovu alifunga kengele ya ng'ombe kwenye ncha, ikalia hatua kwa hatua hadi ng'ambo ya Mgunda Mkali, pori kame ambako maji yalikuwa ya kutafuta. Kwangu mimi, rekodi za njia hii ni za miguu hiyo.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na miezi ikageuka kuwa siku.

Safari inayozidi zote, hata hivyo, ni ya Chuma na Susi, watumishi wa mmisionari na mpelelezi Livingstone. Livingstone alifariki kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, mwezi Mei 1873. Wao na wenzao wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga ndani ya gome la mti, wakashika njia ya pwani, zaidi ya kilomita 1,600. Walipofika Unyanyembe mwezi Oktoba, Luteni Cameron, Mwingereza aliyetumwa kumsaidia Livingstone, aliwashauri wamzike palepale. Wakakataa. Mbele kidogo ya Tabora, huko Kasekera, wenyeji hawakutaka maiti ipite kwao. Basi wakafunga fungu la vijiti kwa nguo, likafanana na maiti, wakawatuma watu walirudishe Unyanyembe hadharani kana kwamba mazishi yamekubaliwa. Mwili wenyewe wakaufunga upya kama mtumba wa nguo, mzigo kama mizigo mingine ya msafara.

Mwezi Februari 1874 mtumba huo ulifika Bagamoyo, miezi tisa tangu uondoke kwa Chitambo, ukiwa mabegani mwao.