Kunasa Tope la Dhahabu Sekenke

Dhahabu ya Sekenke, wilayani Iramba, ilichimbwa tangu enzi za Wajerumani. Mwaka 1916 ilitumika kutengeneza sarafu mjini Tabora. Mchanga wenye dhahabu huoshwa kwa maji, na wachimbaji wadogo hutumia zebaki kuinasa dhahabu. Je, tope linalobaki lizuiweje kwa gharama ndogo?

Chimba mashimo mawili yanayofuatana, uyasakafie kwa udongo wa mfinyanzi. Maji yakipita polepole, chembe huzama. Chembe laini yenye nusu ya kipenyo cha mwenziwe huzama kwa robo ya mwendo wake. Hivyo shimo la pili ni la lazima. Maji yaliyotulia yaoshee tena, yasinywewe. Tope lisitupwe mtoni wala shambani: zebaki haiozi, nayo huturudia ndani ya samaki.