Chanjo ya Mgonjwa wa Figo Isisubiri Mashine

Mgonjwa anapofika kwa mara ya kwanza kwenye kitengo cha kusafisha damu, kabla hajaunganishwa na mashine hupimwa virusi vya homa ya ini B, vya homa ya ini C na VVU. Akikutwa hana homa ya ini B, mara nyingi ndipo anapoambiwa kwa mara ya kwanza kwamba anapaswa kuchanjwa. Ushauri huo ni sahihi, lakini umekuja kwa kuchelewa. Mtu huyo kwa kawaida amehudhuria kliniki ya kisukari au ya shinikizo la damu kwa miaka, kreatinini yake, kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi, ikipanda taratibu kwenye karatasi za maabara, na katika miaka yote hiyo mwili wake ulikuwa na uwezo mkubwa zaidi wa kuipokea chanjo kuliko sasa. Wagonjwa wa figo hawana budi kuhimizwa kuchanjwa, hilo halina ubishi mkubwa. Linalosahaulika ni kwamba muda ni nusu ya chanjo yenyewe.

Sababu iko ndani ya ugonjwa wenyewe. Figo zinaposhindwa kazi, taka zinazobaki kwenye damu huvuruga chembe za kinga, zile zinazomtambua adui na zile zinazotengeneza silaha za kumpiga. Ndiyo maana maambukizi hushika nafasi ya pili, baada ya maradhi ya moyo, katika kuwaua watu walio kwenye mashine. Na udhaifu uleule unaomfanya mgonjwa ashambuliwe kirahisi ndio unaoifanya chanjo isimshike vizuri. Mtu mzima mwenye afya akimaliza dozi tatu za chanjo ya homa ya ini B, uwezekano wa kupata kinga ya kutosha ni zaidi ya asilimia 90. Kwa aliye kwenye mashine, uwezekano huo huweza kushuka hadi karibu nusu, tena baada ya kupewa dozi maradufu: mikrogramu 40 badala ya 20, na kwa baadhi ya aina za chanjo sindano nne katika miezi sita badala ya tatu. Kati ya hali hizi mbili kuna miaka kadhaa ambayo figo zinadhoofika lakini bado zinafanya kazi. Hiyo ndiyo miaka tunayoipoteza.

Homa ya ini B inastahili kutangulizwa kwa sababu huenea kwa damu, na kusafisha damu ni kazi ya kuitoa damu nje ya mwili na kuirudisha, mara mbili au tatu kwa wiki, katika chumba chenye wagonjwa wengi. Virusi vyake huweza kubaki hai kwenye meza, koleo au kitasa kwa siku saba hata pasipo doa la damu linaloonekana. Mwaka 1969 na 1970 mlipuko wa homa ya ini katika kitengo cha figo cha Edinburgh, Uskoti, uliua wagonjwa na wahudumu pia. Ni kweli kwamba vitengo vya Ulaya na Marekani vilianza kuudhibiti ugonjwa huo kabla chanjo haijapatikana, kwa kuwapima wagonjwa, kuwatenga wenye virusi na kusafisha vifaa kwa ukali zaidi. Lakini usafi hutegemea muuguzi asichoke na glovu zisiishe. Nchini Marekani, wagonjwa wa mashine waliochanjwa walionekana kuwa na hatari ya kuambukizwa iliyo pungufu kwa takribani asilimia 70 kuliko wasiochanjwa.

Kwetu hatari iko karibu zaidi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao milioni 65 katika kanda yake ya Afrika wanaishi na virusi vya homa ya ini B. Kenya ilianza kuwachanja watoto wachanga mwaka 2001 na Tanzania mwaka 2002, kwa hiyo karibu kila mtu mzima aliyezaliwa kabla ya hapo, yaani umri ambao ndio wenye wagonjwa wengi wa figo, hakuipata utotoni. Na akiambukizwa mtu mwenye figo mbovu, mambo hayaishi kama kwa wengine. Mtu mzima mwenye afya mara nyingi huvishinda virusi hivyo. Wanaobaki navyo maisha yote ni takribani mmoja kati ya 20. Kwa mgonjwa wa figo uwezekano wa kubaki navyo ni mkubwa zaidi sana.

Kuna wanaouliza: ikiwa chanjo haifanyi kazi vizuri kwa wagonjwa hawa, kwa nini kuwasumbua? Hoja hiyo inaegemea ukweli, lakini inafika mahali pasipo pake. Udhaifu wa mwitikio unatudai tuanze mapema, tutumie dozi inayofaa, kisha tupime. Kipimo kipo: mwezi mmoja au miwili baada ya sindano ya mwisho, damu huangaliwa kama kinga imefikia angalau uniti 10 kwa lita. Isipofika, mgonjwa hurudia. Ikifika, aliye kwenye mashine hupimwa tena kila mwaka na kuongezewa dozi kinga ikishuka. Kuchoma sindano bila kupima matokeo, kwa mgonjwa wa mashine, ni kazi iliyoachwa katikati.

Shaka nyingine ni kwamba chanjo yenyewe itaziumiza figo. Chanjo ya homa ya ini B haina virusi hai. Ni protini moja ya ganda lake, iliyotengenezwa kwa hamira, na haiwezi kumwambukiza mtu. Wenye kusoma zaidi hutaja aluminiamu iliyomo, na hawa wasibezwe. Katika miaka ya 1970 aluminiamu iliharibu kweli ubongo na mifupa ya wagonjwa wa figo. Lakini ilitoka kwenye maji ya mashine yasiyosafishwa vizuri na kwenye dawa zilizomezwa kwa gramu kila siku, mwaka hadi mwaka. Dozi ya kawaida ya chanjo ina takribani nusu miligramu, na mtu huipata mara chache tu maishani.

Zipo chanjo nyingine zisizopaswa kusahauliwa: ya influenza kila mwaka, ya nimonia ya nyumokoka, na ya UVIKO-19, ugonjwa ambao mwanzoni mwa janga uliua takribani mmoja kati ya kila wagonjwa watano wa mashine walioambukizwa barani Ulaya. Anayetarajia kupandikizwa figo, huduma ambayo Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Tanzania, ilianza kuitoa Novemba 2017, ana sababu ya ziada ya kuwahi. Dawa za kuzuia mwili usiikatae figo mpya hushusha kinga kwa makusudi, na chanjo zenye virusi hai, kama ya surua na ya homa ya manjano, kwa kawaida haziruhusiwi tena baada ya hapo.

Gharama ni kikwazo cha kweli, kwani mtu mzima mara nyingi hujilipia chanjo hizi. Lakini familia inayojiandaa kulipia mashine kila wiki itaona kwamba sindano tatu ni sehemu ndogo sana ya mzigo huo, na bima inayolipia mashine bila kulipia chanjo inafanya hesabu mbovu. Lawama hapa isimwangukie mgonjwa. Mwenye kujua namba ya kreatinini ni kliniki, na kliniki ndiyo inayopaswa kusema kwanza.

Isiposema, uliza wewe. Kama una kisukari, presha au umeambiwa figo zimeanza kushuka, omba kupimwa homa ya ini B katika ziara yako ijayo. Ukiwa huna, omba dozi ya kwanza siku hiyohiyo. Ichomwe begani, si kwenye makalio, na usitoe mkono wenye fistula, yaani mishipa iliyounganishwa kwa ajili ya mashine. Kadi ya chanjo iweke pamoja na majibu yako ya maabara, uende nayo kila kliniki.